Maswali ya Wasomaji: Nani Ajibu kwa Madhara ya Kampuni za Teknolojia?

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: ni nani anayepaswa kujibu pale ambapo bidhaa ya teknolojia inawaumiza watu, hasa wale ambao hawakuinunua wala hawakuulizwa. Tumezifupisha barua hizo bila kugusa hoja zake.

Mwenye jukwaa ana kosa gani?

*Mhariri, kila panapotokea mauaji au vurugu zilizochochewa mtandaoni, wenye mitandao ya kijamii husema kwamba wao hawakuandika maneno yale, walitoa jukwaa tu. Mimi ni mwalimu mstaafu na sina mapenzi na kampuni hizi, lakini naona kama wana hoja. Mwenye kiwanda cha karatasi hashtakiwi kwa sababu mtu aliandika matusi kwenye karatasi yake.*

Shikamoo Mwalimu. Hoja yako ina uzito, na ndiyo iliyojengewa sheria ya Marekani ya mwaka 1996, ambayo kifungu chake cha 230 kinakataza mtoa huduma za mtandaoni kuhesabiwa kuwa mchapishaji wa maneno ya mtu mwingine. Sheria hiyo ilitungwa wakati ambapo ujumbe ulibandikwa mahali fulani na aliyeutaka aliufuata mwenyewe.

Lakini karatasi haichagui msomaji wake, na mtandao wa kijamii wa leo unachagua. Unapofungua simu, mengi ya yale unayoyaona yamepangwa na algoriti, yaani kanuni za kompyuta za kuchagua, iliyokadiria ni ujumbe upi utakaokufanya ubonyeze, ubishane, usambaze na ubaki hapo muda mrefu zaidi, kwa kuwa muda huo ndio unaouzwa kwa watangazaji. Ujumbe wa chuki huamsha hayo yote kwa urahisi. Aliyeuandika atawajibika kwa kuuandika. Aliyeufikisha kwa maelfu ya watu ambao hawakuuomba amefanya tendo jingine, na ni kwa tendo hilo la pili tunamtaka ajibu.

Tazama yaliyotokea Myanmar. Kuanzia Agosti 2017 jeshi la nchi hiyo liliwashambulia Warohingya, jamii ya Waislamu walio wachache nchini humo, na zaidi ya watu 700,000 wakakimbilia Bangladesh. Mwaka 2018 ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotumwa kuchunguza ukweli ulieleza namna Facebook, ambayo kwa watu wengi nchini humo ndiyo iliyokuwa intaneti yenyewe, ilivyotumika kueneza chuki dhidi ya Warohingya. Shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba mwanzoni mwa mwaka 2015 wahakiki wa maudhui wa kampuni hiyo, yaani wanaokagua yanayobandikwa na watumiaji, waliojua Kiburma walikuwa wawili tu. Novemba 2018 kampuni yenyewe ilikiri kwamba haikufanya vya kutosha. Sasa, Mwalimu, uamuzi wa kuingia katika soko la mamilioni ya watu ukiwa na wahakiki wawili haukufanywa na mwandishi wa ujumbe wa chuki. Ulifanywa ofisini, na watu wanaojua kuhesabu.

Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2022, imejaribu kuyatenganisha matendo hayo mawili. Haiifanyi kampuni kuwa mkosaji kwa kila neno lililoandikwa na mtumiaji, lakini jukwaa lenye watumiaji zaidi ya milioni 45 ndani ya umoja huo linatakiwa kila mwaka kutathmini hatari zinazotokana na namna lenyewe lilivyoundwa, kueleza linachofanya kuzipunguza, kukaguliwa na mkaguzi wa nje, na kuwafungulia watafiti data zake. Likikaidi, faini inaweza kufika asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka duniani kote. Naona mgawanyo huo ni sahihi, kwa sababu haumgeuzi mwenye mtandao kuwa polisi wa kila sentensi, jambo ambalo serikali nyingi zingelifurahia kwa sababu mbaya kabisa.

Nimeiona hitilafu, nimeambiwa nisiiandike

*Mimi ni mhandisi wa programu. Mfumo tunaoutengeneza unaamua nani apewe mkopo na nani anyimwe. Nimegundua kwamba watu waliowahi kubadilisha namba ya simu wanapunguziwa alama bila sababu ya maana. Mkuu wangu amesema tutarekebisha baadaye, na kwamba mambo kama hayo yasiandikwe kwenye barua pepe. Nina wajibu gani?*

Ndugu mhandisi, swali lako ndilo lililotukalisha muda mrefu zaidi, kwa sababu madhara mengi yanayofika mahakamani yalianzia hapo ulipo: mtu mmoja anajua, na mkuu wake hataki kujua kwa maandishi.

Mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilianza kufunga katika ofisi zake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ambayo leo ni sehemu ya Fujitsu. Ofisi nyingi ndogo za Posta nchini humo huendeshwa na mawakala, ambao kwa mkataba walilazimika kufidia upungufu wa fedha kutoka mifukoni mwao, na mfumo huo ukaanza kuonyesha upungufu ambao haukuwapo. Hitilafu moja iliyojitokeza Oktoba 2015 katika mji wa Dalmellington, Scotland, inaonyesha jambo lenyewe lilivyokuwa dogo machoni. Wakala alikuwa akiingiza uhamisho wa pauni 8,000. Skrini ikaganda, akabonyeza tena kitufe cha kuthibitisha, na kila alipobonyeza mfumo ukaandika uhamisho mwingine bila kumwonyesha, hata hesabu zikaachana kwa pauni 24,000 ambazo hakuna mkono uliowahi kuzishika.

Kufikia wakati huo watu walikuwa wameshafungwa kwa hesabu za mfumo huo. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya mawakala 900 walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai na hesabu za uongo, wengi wao wakishtakiwa na Posta yenyewe. Mmoja alipelekwa gerezani mwaka 2010 akiwa mjamzito. Waliopiga simu kuomba msaada waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo kama lao. Mahakamani nako njia ilikuwa imezibwa, maana kanuni iliyoutaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa ilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999, na tangu hapo kompyuta ikachukuliwa kuwa sahihi hadi mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Angeonyeshaje, ilhali kumbukumbu zote za mfumo zilikuwa mikononi mwa Posta na Fujitsu? Kwa miaka mingi Posta ilikana kwamba mtu aliye mbali angeweza kugusa hesabu za wakala, na uwezo huo wahandisi wa Fujitsu walikuwa nao.

Desemba 2019, katika kesi ya wadai 555 walioongozwa na Alan Bates, aliyekuwa wakala wa Posta, Jaji Peter Fraser aliamua kwamba Horizon ya awali haikuwa mfumo wa kutegemewa, na akaupeleka kwa mkuu wa mashtaka wasiwasi wake kuhusu ushahidi uliokuwa umetolewa na wafanyakazi wa Fujitsu katika kesi za nyuma. Mei 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta kwa mkupuo hukumu zilizowatia mawakala hatiani. Julai 2025 ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi ilieleza kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mkasa huo.

Nimeisimulia kwa kirefu kwa sababu hitilafu zenyewe hazikuwa ajabu. Hakuna mfumo mkubwa usio na hitilafu, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Walioangamia waliangamizwa na uamuzi wa kuficha kinachojulikana. Kwa hiyo andika. Eleza kwa maneno makavu ulichokiona, tarehe uliyokiona, ulivyokijaribu, na ni watu wa namna gani wanaoumia, kisha kiingize katika kumbukumbu rasmi za kazi ambamo hitilafu nyingine zote huingizwa. Usitoe nakala za taarifa za wateja nje ya ofisi, kwa kuwa hilo litakugeuza wewe kuwa mtuhumiwa na kuizika hoja yako. Kama kampuni ina mkaguzi wa ndani au afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi, yeye ndiye wa kumwendea akikwama mkuu wako, na kabla ya kuvuka hapo tafuta wakili anayejua sheria ya nchi yako ya kuwalinda watoa taarifa, maana ulinzi huo unatofautiana sana na mahali pengine haupo kabisa. Na usitie sahihi, hata siku moja, tamko la kwamba mfumo uko salama ikiwa hujui hivyo.

Mkuu wako naye mwambie jambo moja la kisheria. Desemba 2023, katika shauri lililohusu kampuni ya Kijerumani ya SCHUFA, inayowapa watu alama za mkopo, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba kumpa mtu alama za mkopo kwa kompyuta ni uamuzi wa kiotomatiki pale ambapo mkopeshaji anazitegemea alama hizo kwa kiasi kikubwa, na Sheria ya Akili Mnemba ya umoja huo, iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024, inaiweka mifumo ya kupima ukopeshekaji wa watu katika kundi la hatari kubwa. Mifumo ya kundi hilo inatakiwa kutunza kumbukumbu za utendaji wake na kusimamiwa na binadamu mwenye uwezo wa kuikatalia. Kukataza watu kuandika ni kutembea kinyume na huko sheria inakoelekea.

Faini za mabilioni hazitoshi?

*Nasikia kampuni hizi zinatozwa faini za mabilioni. Kwa nini bado tunalalamika kwamba haziwajibishwi?*

Kwa sababu bei si sawa na jibu. Mwaka 2019 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitoza Facebook dola bilioni 5, kufuatia sakata la Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa, ambamo taarifa za watu wanaokadiriwa kufika milioni 87 zilichukuliwa bila wao kujua. Mapato ya kampuni hiyo mwaka huohuo yalizidi dola bilioni 70. Faini ilikuwa kubwa kuliko zote za aina yake, na biashara haikutikisika. Faini inayolipwa na wanahisa haimgusi aliyeamua, haimrudishii chochote aliyeumizwa, na mara nyingi inafunga mjadala kabla nyaraka hazijafunguliwa. Mimi ningekubali faini ndogo zaidi iwapo ingekuja na amri ya kuzifungua, na yenye jina la ofisa aliyetia sahihi.

Kazi walipewa wakandarasi

*Dada yangu alihakiki maudhui kwa niaba ya mtandao mkubwa, lakini mkataba wake ulikuwa na kampuni nyingine kabisa. Siku nzima alitazama video za mauaji na za watoto wakiteswa. Sasa halali usingizi. Mtandao wenyewe unasema haumjui. Je, ni kweli hauwajibiki?*

Pole sana, ndugu yangu, na tunaomba umfikishie dada salamu zetu. Alichokifanya ni kazi inayowawezesha wengine wote kufungua simu zao bila hofu, na kumwambia kwamba hajulikani ni dhuluma.

Wenzake wameshaupinga ukuta huo. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyehakiki maudhui ya Facebook jijini Nairobi akiwa ameajiriwa na kampuni ya Sama, alifungua kesi nchini Kenya Mei 2022 dhidi ya Sama na dhidi ya Meta, mmiliki wa Facebook. Meta ilijibu kwamba haiko Kenya na haikumwajiri. Februari 2023 mahakama ya kazi ilikataa kuiondoa kwenye kesi, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaitupa rufaa yake, pamoja na ile iliyohusu kundi kubwa la wahakiki walioachishwa kazi mwaka 2023. Baadaye ilielezwa katika nyaraka za kesi kwamba zaidi ya wahakiki 140 walipimwa na kukutwa na ugonjwa wa akili unaotokana na kiwewe. Ruhusa ya kushtaki bado si ushindi, lakini kabla ya hapo hata mlango haukuwapo.

Linganisha na Marekani, ambako mwaka 2020 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi ya wahakiki wa huko, ambao nao wengi waliajiriwa kupitia wakandarasi. Ubongo unaoumia ni uleule. Kilichopishana ni umbali kati ya aliyeumia na mahakama iliyo tayari kumsikiliza. Umbali huohuo unawakabili wachimbaji wa kobalti wa Kongo, nchi inayotoa zaidi ya nusu ya madini hayo duniani. Familia za watoto waliokufa au kulemaa migodini zilizishtaki Apple, Google, Microsoft, Dell na Tesla nchini Marekani mwaka 2019, na Machi 2024 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema kwamba kununua madini kupitia mlolongo wa wauzaji hakuifanyi kampuni kuwa mshirika wa anayewatumikisha. Ufaransa ilichukua njia nyingine mwaka 2017, kwa sheria inayozitaka kampuni zake kubwa kuchunguza na kuzuia madhara yanayofanywa na kampuni tanzu na wakandarasi wake popote walipo. Nchi yoyote inaweza kutunga sheria ya namna hiyo.

Kwa dada yako: atafute cheti cha daktari kinachoeleza hali yake na kazi aliyoifanya, ahifadhi mkataba, hati za malipo na maelekezo yoyote yenye jina la mtandao mkubwa, maana yanaonyesha nani hasa aliyekuwa akiipanga kazi. Mkataba wa usiri alioutia sahihi usimtishe asizungumze na daktari wala na wakili wake.

Taka na umeme ni juu ya nani?

*Mimi ni mwanafunzi. Simu yangu ni nzima lakini programu zimekataa kufanya kazi kwa sababu mtengenezaji ameacha kuihudumia. Nikiitupa, kosa ni langu au lake?*

Mdogo wangu, sehemu kubwa ni yake. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ni asilimia 22.3 tu zilizokusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Simu iliyouawa na uamuzi wa kusitisha masasisho imeingia katika lundo hilo bila mwenyewe kupenda. Umoja wa Ulaya umepitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengenezewa, inayomlazimu mtengenezaji kukarabati baadhi ya bidhaa, simu zikiwamo, hata baada ya muda wa dhamana kwisha.

Umeme nao unafuata mkondo huo. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba vituo vya data, yaani majengo ya kompyuta zinazoendesha huduma za mtandaoni, vilitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia mwaka 2024, na kwamba kiasi hicho kitaongezeka zaidi ya mara mbili kufikia mwaka 2030, hasa kwa sababu ya akili mnemba. Kidunia inaonekana ndogo, lakini Ireland mwaka 2023 vituo hivyo vilimeza asilimia 21 ya umeme uliopimwa kwa mita. Wanaoishi jirani na kituo wana haki ya kujua kitatumia umeme na maji kiasi gani kabla kibali hakijatolewa, na mikataba inayoficha takwimu hizo kwa jina la siri ya biashara isikubaliwe.

Mtu mmoja atafanya nini?

*Mimi si mwanasheria wala sina fedha. Nikiona kampuni kubwa imenionea, nianzie wapi?*

Anza kwa kuomba nakala ya taarifa zako. Nchi nyingi sasa zina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayokupa haki hiyo, na kwa sheria ya Ulaya kampuni ina mwezi mmoja wa kujibu, ingawa inaweza kuongezewa muda ombi likiwa gumu. Mwaka 2011 Max Schrems, aliyekuwa mwanafunzi wa sheria kutoka Austria, aliiomba Facebook taarifa zake akapokea kurasa takriban 1,200, yakiwamo mambo aliyodhani ameshayafuta. Alipeleka malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Ireland, ambako Facebook ina makao yake ya Ulaya, yakafika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo ilibatilisha mpango wa kuhamisha taarifa za watu kwenda Marekani mwaka 2015, na mpango uliofuata mwaka 2020. Mei 2023 Meta ikatozwa euro bilioni 1.2 kwa kuendelea kuzihamisha. Ilichukua miaka, na hakuwa peke yake wakati wote. Aliungwa mkono na wenye malalamiko kama yake, na wewe watafute wako.

Ombi lako liandike kwa lugha rahisi: wewe ni nani, unatumia huduma ipi, unataka taarifa zote zinazokuhusu, nani amepewa, na kama kuna uamuzi uliofanywa na kompyuta, ulifanywa kwa vigezo gani. Usiwapigie simu, waandikie. Wakikaa kimya au wakikukatalia, peleka malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi yako, ukiambatanisha nakala ya ombi na ushahidi wa siku uliyolituma, kwa sababu bila tarehe hiyo mamlaka haina pa kuanzia kuhesabu ucheleweshaji.